Msumeno Upite Wapi?

Wiki chache kabla ya masika, mitaa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani husikika milio ya mapanga na misumeno. Mwenye nyumba ameona mawingu yanajikusanya, ameukumbuka upepo wa mwaka jana, na amemwita kijana mwenye shoka aupande mwarobaini au mkungu uliolalia bati. Kufika jioni, mti uliokuwa kivuli cha mama lishe na kijiwe cha bodaboda umebaki nguzo yenye vigutu vitatu vinne. Mwenye nyumba analala akiamini kwamba hatari imeondoka.

Hofu yake ina msingi. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya Tanzania. Hata bila kimbunga, mvua za kawaida zinatosha kulegeza udongo na kuangusha mti uliokwisha kudhoofika. Kupunguza matawi ni kazi ya lazima mahali ambapo watu na miti wanaishi pamoja.

Tatizo ni namna inavyofanywa. Mti uliofyekwa kichwa unaweza kuwa salama kwa masika ya mwaka huo, kisha ndani ya miaka michache ukawa hatari zaidi kuliko ulivyokuwa. Sababu imo ndani ya shina, na ikishaeleweka, mtu yeyote anaweza kujua msumeno upite wapi na usipite wapi.

Jeraha linalobaki

Mtu akijikata, chembe mpya huchukua nafasi ya zilizokufa, na baada ya muda pale pana nyama mpya na ngozi mpya. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyojeruhiwa hubaki mahali pake ndani ya shina mpaka mti ufe. Kinachofanyika ni kwamba mti hulizungushia jeraha vizuizi ili uozo usisambae, kisha huota mbao mpya kwa nje na kulifunika.

Aliyelionyesha jambo hili kwa ushahidi ni Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006. Kwa miaka mingi alipasua maelfu ya mashina kwa urefu, kwa msumeno wa mnyororo, akifuatilia kila doa la uozo hadi kwenye jeraha lililolianzisha. Mwaka 1977, pamoja na mwenzake Harold Marx, alichapisha maelezo ya kinga ya mti kama mpangilio wa kuta nne. Ukuta wa kwanza huziba mirija ya maji juu na chini ya jeraha, nao ndio dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo uozo hukimbia haraka kufuata urefu wa shina. Wa pili huuzuia usiingie kuelekea kiini. Wa tatu huuzuia usizunguke ubavuni. Wa nne ndio imara, na hujengwa baada ya jeraha kutokea: hutenganisha mbao yote iliyokuwapo siku ya mkato na ile itakayoota baadaye.

Ndiyo maana unaweza kuona mwembe wenye mvungu mkubwa ukiendelea kutoa majani na matunda. Kilichooza ni mbao ya zamani. Iliyo hai ni ya nje, iliyoota baada ya ukuta wa nne kujengwa. Lakini kila jeraha jipya linauanzisha upya mchakato huo, na kila ukuta unajengwa kwa akiba ya chakula ambayo mti ungeitumia kukua, kuzaa au kujikinga na wadudu. Jeraha dogo kwenye tawi changa hufunikwa mapema. Jeraha pana kwenye tawi lenye unene unaozidi sentimita 10 linaweza kukaa wazi miaka mingi, na mara nyingi uozo hutangulia kuingia. Mchwa nao huwa hawako mbali.

Shingo ya tawi

Kazi ya Shigo ilibadilisha mafunzo ya wapogoaji. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kukata tawi sambamba kabisa na shina, pabaki laini. Yeye alionyesha kwamba mkato huo unaondoa sehemu ambayo mti unaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Tazama mahali tawi linapotoka kwenye shina. Upande wa chini mara nyingi kuna uvimbe, wakati mwingine wenye mikunjo ya gome. Upande wa juu kuna mstari wa gome lililoinuka. Uvimbe huo ndio shingo ya tawi. Ingawa unaonekana kuwa mwanzo wa tawi, kwa kweli ni mali ya shina, na humo ndimo mti unamojenga kizuizi chake tawi linapokufa lenyewe. Mkato mzuri hupita nje kidogo ya shingo, bila kuigusa. Ukikata ndani yake, umelijeruhi shina. Ukiacha kigutu kirefu, kitakauka, kitaoza, na kitazuia mbao mpya isilifunike jeraha.

Kwa tawi zito, mkato mmoja hautoshi. Ukianza juu na kukata moja kwa moja, tawi huinama kabla ya kukatika, likaanguka na kuchana gome refu la shina. Mafundi waliofunzwa hukata mara tatu. Kwanza hukata kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi karibu theluthi ya unene. Pili hukata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchana kitu. Tatu, kigutu kilichobaki, ambacho sasa ni chepesi, hukatwa taratibu nje ya shingo.

Baada ya hapo, acha. Kupaka lami, rangi, oili chafu au samadi juu ya jeraha ni desturi ya miaka mingi, lakini majaribio ya Shigo na wengine yalionyesha kwamba dawa hizo hazizuii uozo. Nyingine hutunza unyevu chini yake na kuipa kuvu nafasi nzuri ya kukua. Mwaloni wa Marekani una ugonjwa unaoletwa na mende wanaovutwa na jeraha bichi, na huko rangi ina sababu yake. Kwa mwembe au mwarobaini wa uani, jeraha safi lililokatwa mahali sahihi halihitaji kupakwa kitu.

Kwa nini kufyeka kichwa ni hasara

Majani ndiyo yanayoulisha mti, na chakula cha akiba huhifadhiwa kwenye mizizi, shina na matawi. Mti uliofyekwa kichwa umenyang'anywa majani pamoja na sehemu ya akiba kwa siku moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hushauri kutoondoa zaidi ya robo ya majani kwa mkupuo mmoja, na chini ya hapo ikiwa mti ni mzee au umetoka kuugua.

Gome nalo huumia. Matawi ya ndani yaliyozoea kivuli hupigwa ghafla na jua la saa saba. Mwembe na mparachichi huungua kwa urahisi. Gome hupasuka na wadudu wakapata mlango. Wakulima wengine hulazimika kuyapaka chokaa nyeupe matawi yaliyoachwa wazi ili yarudishe mwanga.

Kisha huja maotea. Mti wenye njaa hutoa machipukizi kwa makumi kutoka kila kigutu, nayo hukua kwa kasi kubwa yakishindana kufuata mwanga. Mwenye nyumba huona mti umerudi na kufurahi. Lakini tawi la asili hufungamana na shina tabaka kwa tabaka tangu likiwa kichipukizi, ilhali otea limeshikwa na tabaka la nje tu, karibu na gome la kigutu. Wakati otea linanenepa na kurefuka, kigutu kilicholibeba kinaoza kwa ndani. Baada ya miaka kadhaa kila otea limekuwa tawi la kilo nyingi, juu ya bati lile lile, likiwa limeshikilia mbao iliyooza. Hapo ndipo upepo unapolikuta.

Somo la shambani

Wakulima wa Afrika Mashariki wana ujuzi mkubwa wa kupogolea, na miji ingefaidika kuutazama. Kilimanjaro, mkahawa hupogolewa baada ya mavuno. Matunda hutokea kwenye vitawi vilivyokua msimu uliotangulia, kwa hiyo anayepogolea leo anapanga mavuno ya mwakani. Matawi ya katikati hupunguzwa ili upepo na mwanga vipite, majani yakauke mapema baada ya mvua. Chulebuni, ugonjwa ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, pamoja na kutu ya majani, hutegemea unyevu. Mkahawa uliofunguka hupata nafuu, na dawa ikipigwa hufika ndani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungu, inahesabu upogoaji kuwa sehemu ya kilimo bora sawa na mbolea.

Mtwara na Lindi, adui ni ubwiriunga, kuvu inayofunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe na kuyakausha. Watu wengi wanajua vita yake ni salfa. Lakini kuvu hiyo inahitaji majani machanga ili iishi nje ya msimu wa maua, na mahali pake pa kujificha ni maotea yaliyo ndani ya mkorosho, penye kivuli na unyevu. Anayeyaondoa maotea hayo baada ya mavuno, kabla maua hayajaanza kutoka kuanzia Juni, anaipunguzia kuvu mbegu. Mkorosho pia huzaa kwenye sehemu zinazopata jua. Miti iliyopandwa kwa kubanana hadi matawi yakaingiliana huzaa juu tu, na hapo ushauri unaofaa ni kuondoa baadhi ya miti yote na kuacha nafasi, maana kuifyeka yote hakusaidii.

Mwembe hupunguzwa mara baada ya kuvunwa, ili machipukizi mapya yapate miezi ya kukomaa. Maua yake hutoka kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Anayesubiri mpaka karibu na msimu wa maua anakata maembe ya mwaka ujao pamoja na matawi.

Msomaji anaweza kuuliza: mkahawa mzee hukatwa ukabaki kisiki, ukaota upya, na chai ya Kericho hukatwa kila baada ya miaka michache bila kufa, kwa nini mwarobaini wa mtaani usifanyiwe hivyo? Jibu liko kwenye uzito na usimamizi. Mkulima wa kahawa huchagua maotea mawili au matatu yenye nguvu, huyang'oa mengine, na kuyafuatilia mwaka hadi mwaka. Otea la mkahawa likivunjika, hasara ni debe la kahawa. Otea la mwarobaini halichaguliwi na mtu yeyote, hukua mita kadhaa juu ya kichwa cha mpita njia, na hakuna anayelitazama tena mpaka lidondoke.

Kuusoma mti

Tarehe 15 Agosti 2017, katika kitongoji cha Monte kwenye kisiwa cha Madeira nchini Ureno, mwaloni mkubwa na wa miaka mingi uliwaangukia watu waliokusanyika kwa sherehe ya kidini. Watu 13 walikufa. Tukio hilo liliwakumbusha watu duniani kote kwamba mti wenye majani mabichi unaweza kuwa umeoza ndani.

Mti hutoa dalili, na nyingi zinaonekana bila chombo chochote. Uyoga unaoota kwenye shina au juu ya mizizi ni ishara kwamba kuvu imekuwa ikila mbao kwa muda mrefu. Tawi lisilo na majani msimu ambao mengine yana majani limekufa, na tawi lililokufa linaweza kuondolewa wakati wowote wa mwaka. Panda yenye pembe finyu, ambamo gome limebanwa kati ya mashina mawili yanayolingana, ni dhaifu, kwa sababu gome limezuia mbao za pande mbili zisishikane. Ufa ukitokea chini ya panda hiyo, usisubiri. Mti ulioanza kuinama hivi karibuni, huku udongo umeinuka upande mmoja wa shina, umepoteza mizizi. Mara nyingi mizizi hiyo ilikatwa na watu: mtaro wa bomba la maji, msingi wa ukuta, lami mpya ya barabara. Hapo kupunguza matawi hakurudishi kilichokatwa ardhini.

Mikaratusi ina tabia nyingine ya kuzingatia. Huweza kuangusha tawi kubwa lenye afya siku tulivu yenye joto, bila upepo. Banda la biashara au benchi la kupumzikia lisiwekwe chini yake.

Waya za umeme

Chini ya nyaya ndipo miti mingi hufyekwa kichwa, na kila mwaka kazi hurudiwa kwa kuwa maotea hukimbilia juu tena. Njia bora ni kuondoa matawi yanayoelekea kwenye waya tu, kila moja likatwe hadi kwenye tawi la pembeni linaloelekea kwingine, lenye unene wa angalau theluthi ya lile linalokatwa. Tawi hilo hupokea ukuaji, na mti hufunguka pande mbili ukaacha njia ya waya katikati.

Hiyo si kazi ya mwenye nyumba wala ya mkwezi. Njia za kusambaza umeme mitaani huweza kubeba volti 11,000 au 33,000. Tawi bichi lina maji, na maji hupitisha umeme. Aliye juu ya mti anaweza kuuawa bila mkono wake kugusa waya. Tawi likiwa karibu na nyaya, au mti ukiziangukia, kaa mbali, wazuie watoto, na uwaite TANESCO au Kenya Power. Kwa siku zijazo, chini ya nyaya panda mkomamanga, mlimau au mstafeli, na mwembe uusogeze penye anga wazi.

Usalama wa anayekata

Tawi lenye unene wa sentimita 30 lina lita 70 za mbao katika kila mita moja ya urefu wake. Likiwa bichi, mita hiyo huweza kuzidi kilo 60. Mtu aliye chini hawezi kulidaka wala kulikwepa kwa wakati. Kwa hiyo kazi huanza kwa kufunga eneo kwa kamba, na mtu mmoja husimama chini akiwa na kazi ya kutazama na kuzuia wapitao. Anayepanda avae kofia ngumu, miwani na mkanda uliofungwa kwenye sehemu ya mti isiyokatwa. Ngazi isiegemezwe kwenye tawi linaloondolewa. Msumeno wa mnyororo hushikwa kwa mikono miwili, na hautumiki juu ya usawa wa bega. Kabla ya yote, tazama kama kuna mzinga wa nyuki au kiota chenye makinda. Kiota kinaweza kusubiriwa wiki chache.

Tawi lililo juu ya paa, au lisiloweza kufikiwa ukiwa umesimama chini, ni la fundi mwenye vifaa na uzoefu. Na kabla ya kukata mti ulio kando ya barabara au kwenye kiwanja cha umma, uliza halmashauri au kaunti.

Kuanza mapema

Sehemu kubwa ya matatizo haya huamuliwa katika miaka mitano ya mwanzo. Mche wenye vilele viwili huachiwa kimoja kilicho imara. Matawi yanayotoka sehemu moja ya shina hupunguzwa ili yapishane. Ya chini huondolewa polepole, majani yakibaki kwenye theluthi mbili za juu, kwa kuwa shina hunenepa kwa msaada wa matawi hayo. Mikato yote ni ya unene wa kidole, mti huifunika mapema, na kifaa ni mkasi uliofutwa kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kuuokoa mgumo mkubwa wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Wakazi walikuwa wameupigania. Mti mmoja mkongwe ulistahili juhudi hiyo, na maelfu ya miti ya kawaida inastahili huduma iliyo rahisi zaidi. Halmashauri inayoweka kumbukumbu za taa za barabarani inaweza kuweka za miti pia: aina yake, hali yake, tarehe ilipokaguliwa, na nani aliyeipogolea. Zabuni za kupunguza matawi zinaweza kueleza kwa maandishi kwamba mikato ipite nje ya shingo ya tawi na kwamba kufyeka kichwa hakulipwi. Vijana wanaopanda miti leo kwa panga na ujasiri wakipata mafunzo ya wiki chache, kamba nzuri na kofia, watakuwa na ufundi wa kuwalisha.

Mahali pa kuanzia ni shule. Karibu kila shule ya msingi ina mwembe au mjohoro ambao watoto hukaa chini yake wakati wa mapumziko, na kila shule ina kamati. Januari, shule zinapofunguliwa na mvua kubwa bado iko mbali, mwalimu na mzazi mmoja wanaweza kuuzunguka kila mti wakitafuta uyoga, nyufa, matawi makavu na udongo ulioinuka, wakaandika walichokiona na kumpelekea afisa misitu wa wilaya kabla ya Machi.